Edgar Adrian: Aliyemalizia kitabu cha mwalimu wake, kisha akaisoma lugha ya neva

Neva ikishatuma ishara ya umeme, haiwezi kutuma nyingine hapo hapo. Lazima ipumue kwanza, japo kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Pumziko hilo dogo lilimshughulisha Edgar Adrian tangu akiwa mwanafunzi.

Adrian alizaliwa London mwaka 1889. Chuo Kikuu cha Cambridge alifundishwa na Keith Lucas, mtafiti hodari wa kubuni vifaa vyake mwenyewe. Wakitumia neva za vyura, wawili hao walipima inavyorudi katika hali yake. Mwanzoni neva inakuwa kiziwi kabisa. Kisha inasikia, ila mpaka ishtuliwe kwa nguvu zaidi. Baadaye ndipo inakaa sawa.

Vita vikaingilia kati. Mwaka 1916 Lucas, aliyekuwa akifanya utafiti wa ndege za kijeshi, alifariki baada ya ndege yake kugongana na nyingine angani. Aliacha kitabu hakijaisha. Adrian, wakati huo daktari wa wanajeshi, alikikamilisha. Kilitoka mwaka 1917 kwa jina la mwalimu wake.

Vita vilipoisha alirudi Cambridge na kuchukua maabara ya Lucas. Shida ilikuwa moja: umeme wa neva ni mdogo mno. Akaukuza kwa vali kama zile za redio, na mwaka 1926 yeye na Yngve Zotterman wa Sweden wakachapisha rekodi za ishara za uzi mmoja tu wa neva.

Matokeo yalishangaza. Msuli ukivutwa kidogo au sana, kila ishara ina ukubwa ule ule. Kinachobadilika ni idadi: mvuto mdogo, ishara chache kwa sekunde, mvuto mkubwa, zinafuatana fasta. Lakini kasi hiyo ina mwisho, kwa sababu kila ishara inasubiri neva ipumue. Bila pumziko hilo, ishara zisingetengana na ujumbe usingesomeka.

Mwaka 1932 Adrian alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Charles Sherrington.

Chanzo cha pumziko kilielezwa mwaka 1952 na Alan Hodgkin na Andrew Huxley, nao wa Cambridge: baada ya ishara, njia ya sodiamu kuingia kwenye neva hujifunga kwa muda, huku potasiamu ikitoka mpaka umeme utulie.

Adrian alikuwa bado hai kulishuhudia jibu hilo. Alifariki mwaka 1977 akiwa na miaka 87. Lucas alikufa na 37.