Daktari Aliyefungiwa Milango

Wengi wetu tunajua uchungu wa kubisha mlango, mtu akafungua kidogo, akakuangalia juu hadi chini, halafu akafunga. Wiki hii tumwangalie mtu aliyefungiwa milango mingi, na alichoamua kufanya baada ya hapo.

Dkt. Harold Moody alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka wa 1882. Baba yake alikuwa na duka la dawa, na kijana alisaidia kazi humo. Alikuwa mtu wa kanisa tangu ujana wake. Mwaka wa 1904 akapanda meli kwenda London kusomea udaktari King's College. Jamaica ilikuwa koloni la Uingereza, kwa hivyo alijihesabu raia wa mfalme yuleyule. Lakini alipotafuta chumba cha kupanga, wenye nyumba wakiona tu ngozi yake, walimkataa. Akapita nyumba baada ya nyumba.

Alisoma kwa bidii, akashinda tuzo nyingi, akahitimu mwaka wa 1910. Sasa si kazi itapatikana? Wapi! Hospitali moja ilimkataa kwa sababu mkuu wa wauguzi hakutaka daktari mweusi. Kwingine aliambiwa hata maskini hawatakubali kuguswa naye.

Angerudi kwao na hasira, nani angemlaumu? Badala yake, mwaka wa 1913 alifungua kliniki yake mwenyewe Peckham, kusini mwa London. Mwaka huohuo akamwoa Olive Tranter, muuguzi Mwingereza, na wakajaliwa watoto 6. Kumbe maskini wa Peckham, Wazungu, walimjia kwa wingi. Siku hizo matibabu yalikuwa ya kulipia, lakini watoto wa wasio na kitu aliwatibu bure mara nyingi.

Hapo angeweza kutulia. Alikuwa na kazi, nyumba na heshima. Lakini wanafunzi, wauguzi na mabaharia kutoka makoloni walizidi kubisha kwake na hadithi ileile: chumba hakuna, kazi hakuna. Mwanzoni alikuwa akienda mwenyewe kwa waajiri kuwatetea, mmoja baada ya mwingine. Mwishowe akaona mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Tarehe 13 Machi 1931 akaanzisha League of Coloured Peoples, chama cha kutetea watu wasio Wazungu, akakiongoza hadi kufa kwake. Jomo Kenyatta wetu, aliyekuwa London miaka hiyo, alikuwa miongoni mwa wanachama.

Kazi haikuwa maneno matupu. Mjini Cardiff, mabaharia weusi, Waarabu na Wasomali waliotoka makoloni ya Uingereza walikuwa wakiandikishwa kama wageni wasio raia, na mwaka wa 1935 wengi walijikuta hawapewi kazi melini. Chama kilituma watu kuchunguza, kikapeleka jambo hilo serikalini, na wengi wakatambuliwa tena kuwa raia.

Vita vilipoanza mwaka wa 1939, mwanawe Joe alienda kuomba kuwa afisa wa jeshi, akaambiwa si wa damu ya Kizungu. Baba hakunyamaza. Aliandika barua, akafuatilia wakubwa, na Oktoba mwaka huohuo kizuizi hicho kikaondolewa kwa muda wa vita. Joe akawa afisa.

Wako vijana waliomwona mpole mno, eti anaongea na wakubwa badala ya kupigana nao. Yeye aliendelea tu. Novemba 1944 roketi ya Wajerumani ilipoangukia duka huko New Cross na kuua watu 168, Dkt. Moody alikuwa kati ya madaktari waliokimbilia hapo kuokoa majeruhi. Hakuuliza ni nani aliyewahi kumnyima chumba.

Mwaka wa 1947 alirudi mgonjwa kutoka safari ya kuchangisha pesa za kujenga kituo cha watu weusi London. Alifariki Aprili 24, akiwa na miaka 64. Maelfu, weusi kwa weupe, walijitokeza kumpa heshima za mwisho.

Mpendwa, kufungiwa mlango si dhambi yako. Lakini siku Mungu atakapokupa mlango wako, utaufanyia nini? Wewe mwenye ploti, mtu akija kutafuta chumba na ukasikia jina lake ni la kabila lingine, chumba kinajaa ghafla? Mkimbizi akiketi karibu nawe Jumapili, unasogea au unamsalimia? Moody alikumbuka baridi ya nje, ndiyo maana hakuwaacha wengine huko. Wiki hii, mfungulie mtu mmoja.