Semei Kakungulu: jemadari wa Buganda aliyeamua kuwa Myahudi

Kila tunapogusa habari za Wayahudi wa Marekani kipindini, simu za wasikilizaji huja na swali lilelile: je, wapo Wayahudi Waafrika hapa jirani, au ni mambo ya huko mbali tu? Wapo. Wako Uganda, kwenye vilima vya Mbale, chini ya Mlima Elgon, na wanaitwa Abayudaya. Mtu aliyewaanzisha hakuwa Mzungu wala mmisionari. Alikuwa mpiganaji wa bunduki, mwindaji wa tembo, aliyetaka ufalme akaukosa. Jina lake ni Semei Kakungulu. Kwa kuwa redioni muda haukutosha, habari zake tunaziweka hapa uzisome taratibu.

Alizaliwa karibu mwaka 1869 huko Kooki, ufalme mdogo uliokuwa kusini-magharibi mwa Buganda. Akiwa kijana alikwenda Buganda, na kwenye baraza la Kabaka Mwanga akajulikana kwa kazi ya kuwinda tembo. Pembe za ndovu ndizo zilizokuwa fedha za siku zile, na aliyejua kulenga shabaha hakukosa nafasi.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoingia. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa wakielekea Buganda walishukia Unguja, wakapanda bara kwa njia ya misafara, na kundi la kwanza, lililokuwa na Alexander Mackay, lilipita Mpwapwa mwaka 1876. Ndiyo, Mpwapwa hii hii yetu. Maandiko waliyofundishia mwanzoni hayakuwa ya Kiganda, kwa maana tafsiri haikuwapo bado. Yalikuwa ya Kiswahili, kazi iliyoanzia Unguja kwa Askofu Edward Steere na wenzake, na watu wengi wa ikulu ya Kabaka walikuwa wakikisikia Kiswahili kwa wafanyabiashara wa pwani. Kakungulu alijifunza kusoma Biblia kwa Kiswahili. Akabatizwa, akapewa jina la Semei.

Kusoma siku hizo hakukuwa jambo la utulivu. Kuanzia 1888 Buganda iliwaka vita vya dini: Waislamu na Wakristo, kisha Waprotestanti na Wakatoliki kwa wenyewe. Kakungulu alipigana upande wa Waprotestanti, na vita vilipotulia mwaka 1892 alikuwa mmoja wa makamanda wanaoogopwa zaidi. Tatizo lake lilikuwa moja, naye aliitwa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kagwa alikuwa na cheo na masikio ya Waingereza, Kakungulu alikuwa na askari. Mwishowe Kakungulu alitazama mashariki, ng'ambo ya Mto Nile, ambako Kagwa hakuwa na mkono.

Mwaka 1899 alishiriki katika msako uliowakamata Kabalega, mfalme wa Bunyoro, na Mwanga, yule yule aliyemtumikia zamani. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Baada ya hapo, kwa baraka za Waingereza lakini kwa watu wake mwenyewe, aliingia nchi zilizoitwa Bukedi. Mwaka 1901 alikuwa na ngome yake Budaka. Aligawa nchi kwa wilaya na kata kama ilivyokuwa Buganda, akaweka machifu wake Waganda, akapasua barabara.

Hapa sitaki tumpambe. Wenyeji wa nchi zile hawakumwalika. Waliolimishwa barabara na kutawaliwa na wageni wasiojua lugha yao walimwona kama tunavyomwona mtu yeyote anayekuja na bunduki na kusema kuanzia leo mimi ndiye mkubwa. Wapo wazee wa mashariki mwa Uganda ambao hadi leo hawamtaji kwa heshima.

Yeye aliamini kwamba Waingereza wamemwahidi kuwa Kabaka wa Bukedi. Waingereza hawakuona hivyo. Walimtumia kuifungua nchi, na ilipofunguka, mwaka 1902, walimwondoa Budaka na kumpa eneo la maili 20 za mraba kwenye upande wa Mbale. Akajenga upya, na mji wa Mbale ulikua kutokana na boma lake. Kuanzia 1906 alipelekwa Busoga kuongoza baraza la machifu, kazi ya mshahara, chini ya afisa wa Kizungu. Mwaka 1913 alirudi Mbale. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, ana ardhi na ana wafuasi, lakini ule ufalme aliokuwa akiungoja hakuna tena aliyeuzungumzia.

Ndipo akarudi kwenye kitabu.

Wakati huo huo kundi jipya lilikuwa limejitenga na kanisa la Kianglikana, likiongozwa na Malaki Musajjakawa na chifu mkubwa Joswa Kate Mugema. Watu waliliita la Wamalaki. Walishika Sabato ya Jumamosi, na walikataa dawa za hospitali na chanjo wakisema mponyaji ni Mungu pekee. Serikali ya kikoloni iliwaona wakorofi. Kakungulu alijiunga nao, na wanahistoria wengi husema hasira yake kwa Waingereza ilichangia. Naamini hivyo pia. Ila hasira peke yake haielezi yaliyofuata, maana Wamalaki tayari walikuwa mwiba wa kutosha kwa serikali, naye hakuishia kwao.

Aliendelea kusoma Vitabu vya Musa, na akakwama kwenye tohara. Kama Mungu alimwagiza Abrahamu, na agizo halikufutwa, kwa nini wao hawalifuati? Kwetu Ugogo jando si habari ya kushangaza, na hata majirani zake wa Mbale, Wagisu, hutahiri vijana wao hadharani. Lakini kwa Waganda lilikuwa jambo la kuchukiza. Wenzake wa Kimalaki walimwonya kwamba wanaofanya hivyo ni Wayahudi, watu waliomkataa Yesu. Jibu lake lilikuwa kwamba kama ndivyo, basi kuanzia siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na miaka hamsini hivi, alitahiriwa yeye na wanawe.

Fikiria ugumu wake. Hakuwa na rabi, yaani mwalimu wa sheria ya Kiyahudi, na hakuwa amewahi kuingia kwenye sinagogi. Alikuwa na Agano la Kale na watu waliomwamini. Mwanzoni ibada zao zilikuwa mchanganyiko, bado zikibeba mambo ya Kikristo. Karibu mwaka 1920 alipita Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao kwa miezi kadhaa. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja, na vyakula vinavyoruhusiwa. Baada ya hapo ubatizo uliachwa. Mwaka 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Jemadari aliyekuwa akitoa amri za vita sasa alikuwa akieleza namna ya kuitunza Jumamosi.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Baadhi ya wafuasi walirudi kwenye Ukristo, wengine wakabaki chini ya uongozi wa Samson Mugombe. Waliendelea hivyo kwa miaka mingi, wakulima wa ndizi na kahawa wanaofunga kazi Ijumaa jioni, wakijulikana na Wayahudi wachache sana duniani.

Kisha akaja Idi Amin. Alipiga marufuku dini yao na sinagogi zikafungwa. Wengi waliacha, na kutoka maelfu walibaki mamia tu, wakisali kwa siri. Msikilizaji mwenye baba au babu aliyekwenda vita vya Kagera, sehemu hii msomee. Majeshi ya Tanzania na ya wakombozi wa Uganda yalipoiteka Kampala na Amin akaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyo hiyo Wayahudi duniani kote walikuwa wanaanza Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajaacha kulisimulia hilo.

Na Marekani? Ndiyo nchi yenye Wayahudi wengi zaidi nje ya Israel, nao hawasali kwa namna moja. Wana mikondo kadhaa, kama Wakristo walivyo na madhehebu, na kila mkondo una vyuo vyake vya kufundisha marabi. Mwaka 2002 marabi wa mkondo uitwao Conservative, wengi wao kutoka Marekani, walifika Mbale na kuwapokea rasmi mamia ya Abayudaya katika dini ya Kiyahudi. Baadhi ya Abayudaya waliona uchungu kidogo: kwa nini mtu ambaye babu yake alitahiriwa mwaka 1919 aingizwe upya leo? Lakini wengi walikubali, wakitaka kutambuliwa.

Kijana mmoja wao, Gershom Sizomu, alikwenda Los Angeles kusomea kazi hiyo katika Chuo cha Ziegler, akahitimu urabi mwaka 2008 na kurudi nyumbani kufundisha. Mwaka 2016 alichaguliwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake karibu wote ni Wakristo na Waislamu. Nyimbo zao za Zaburi, kwa Kiganda na Kiebrania, zilirekodiwa na kutolewa Marekani mwaka 2003. Mwaka 2004 wakulima wao walianzisha ushirika wa kahawa pamoja na majirani zao Wakristo na Waislamu, wakauita Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, na mnunuzi wao alikuwa kampuni ya California. Sisi wa zabibu na alizeti tunajua kupata mnunuzi wa uhakika si jambo dogo.

Jambo moja lingemshangaza Kakungulu wa enzi za Wamalaki: mjini Mbale kipo kituo cha afya kilichojengwa kwa msaada wa Wayahudi wa Marekani, kinachotibu watu wa dini zote, chanjo zikiwemo.

Kutambuliwa kwenyewe hakujaisha. Wayahudi wa mkondo mkali zaidi hawawahesabu Abayudaya, na serikali ya Israel imewahi kuwakatalia baadhi yao haki ya kuhamia kule kama Wayahudi wengine. Kaburi la Kakungulu liko Gangama, karibu na Mbale. Si mbali na kilima cha Nabugoye, ambako kila Ijumaa jua likizama watu huacha majembe na kupanda kwenda kusali.