O.G.S. Crawford: Mtu Aliyesoma Ardhi Kutoka Angani

Wengi wetu tukisikia neno mwanaakiolojia, picha inayokuja ni ya mtu aliyepiga magoti ndani ya shimo, brashi mkononi. Crawford naye alichimba, lakini sifa zake hazikutoka shimoni. Zilitoka juu, kwenye picha zilizopigwa na marubani.

Osbert Guy Stanhope Crawford alizaliwa Oktoba 1886 mjini Bombay, India, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mama yake alifariki siku chache tu baada ya kujifungua. Mtoto akapelekwa Uingereza kulelewa na shangazi zake, na kabla hajamaliza utoto baba naye akafariki. Shule ya bweni hakuipenda hata kidogo. Alichopenda ni kutoka nje, kutembea na kukagua vilima vya makaburi ya kale. Alipofika Oxford alianza na masomo ya Kigiriki na Kilatini, kisha akahamia jiografia. Uamuzi huo ndio uliomjenga, maana alijifunza kuuliza swali la mahali: kwa nini watu waliishi hapa na si pale?

Kabla ya vita alichimba Sudan kwa niaba ya tajiri wa dawa, Henry Wellcome. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza akaingia jeshini, akashughulika na ramani na picha, na mwaka 1917 akawa mwangalizi ndani ya ndege za kijeshi. Mwaka uliofuata Wajerumani wakamkamata, akabaki mfungwa mpaka vita inaisha.

Mwaka 1920 idara ya ramani ya Uingereza, Ordnance Survey, ilimwajiri kuwa ofisa wake wa kwanza wa akiolojia. Kazi ilikuwa kusahihisha mambo ya kale kwenye ramani, na aliifanya kwa miguu na baiskeli, kijiji hadi kijiji. Mwaka 1922 ndipo alipoonyeshwa picha za jeshi la anga zenye alama za ajabu mashambani. Yeye akatambua mara moja kwamba ni mipaka ya mashamba ya kale. Mwaka 1923, kwa kutumia picha kama hizo, akafuatilia sehemu iliyopotea ya njia ya kale inayoelekea Stonehenge, akachimba, na mitaro ikapatikana palepale ilipoonyeshwa.

Siri yenyewe si ngumu. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, hata tuta dogo linatupa kivuli. Ukisimama chini unaona bonde na kichuguu tu. Ukiwa juu vivuli vinaungana na kuwa barabara, kiwanja, nyumba. Penye mimea, juu ya mtaro uliofukiwa mimea hurefuka, na juu ya msingi wa mawe hudumaa.

Kwangu mimi, kisa kinachogusa zaidi ni cha Gainsthorpe, huko Lincolnshire. Ni mahame ya kijiji cha zama za kati, kijiji kilichotajwa katika sensa kubwa ya mali ya mwaka 1086. Baadaye watu wakatoweka na mahali pakawa malisho. Wenyeji walikuwa na hadithi yao: eti kilikuwa kijiji cha majambazi, majirani wakachoka, wakakibomoa. Mchungaji Abraham de la Pryme aliyepita hapo mwishoni mwa karne ya 17 aliisikia, lakini yeye alihisi kilichokimaliza ni muda, umaskini na ufugaji. Mwaka 1925 Crawford akachapisha picha ya angani ya mahali hapo. Yakaonekana mabonde ya barabara, misingi ya nyumba na viwanja vilivyopangwa. Yaani makazi ya wakulima wa kawaida.

Vijiji vingi vya Uingereza viliishia hivyo. Wenye ardhi walizungushia uzio mashamba na malisho ya pamoja ili wafuge kondoo kwa ajili ya sufu, na wakulima wakakosa pa kulima. Leo mahame zaidi ya 2,000 ya aina hiyo yanajulikana nchini humo.

Mwaka 1927 Crawford alianzisha jarida la Antiquity, akalihariri mpaka kifo chake. Mwaka 1928, pamoja na Alexander Keiller, tajiri aliyegharimia safari zao za ndege, akatoa kitabu cha picha za angani za kusini mwa Uingereza. Hakuwa mtu rahisi: alikuwa na hasira za karibu, hakuoa, na aliwapenda sana paka. Alistaafu mwaka 1946 na kufariki Novemba 1957 nyumbani kwake karibu na Southampton.

Sisi tunaokwenda kufundisha historia tulichukue la Gainsthorpe. Watu walipoteza ardhi, kisha wakaitwa wezi kwa mamia ya miaka, na hakuna mjukuu aliyebaki kuwatetea. Mwanafunzi akituletea hadithi ya aina hiyo kuhusu kijiji chochote, tumwambie kwanza aende akaiangalie ardhi yenyewe.