Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyekubali Kufundishwa

Hapa Likoni taarab tunaisikia harusini mpaka alfajiri, lakini ukimwuliza mtu habari za Siti binti Saad, kimya! Hebu niwasimulie.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa, na kweli wazazi wake walikuwa wa ukoo wa watumwa. Babake alikuwa mkulima, mamake mfinyanzi. Hakupata kusoma utotoni. Alijifunza kufinyanga kwa mamake, akawa anabeba vyungu mpaka mjini akivinadi. Inasimuliwa kuwa watu walisikia sauti yake kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 akahamia mjini, akakutana na mwanamuziki Ali Muhsin. Hapa wenzangu tutulie kidogo. Siti alikuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi, na sauti tayari anayo. Angeweza kusema kipaji chatosha. Lakini alikaa chini kama mtoto wa chuoni, akafundishwa kuimba na kufuata ala. Akajifunza na Kiarabu cha nyimbo, maanake taarab iliyopendwa na masultani tangu enzi za Barghash (1870–1888) iliimbwa kwa lugha hiyo. Alipokwisha kuujua mtindo wa wakubwa, ndipo akautia Kiswahili, hata watu wa Ng'ambo wakaona sasa wanaimbiwa wao.

Katika kundi lake walikuwemo Subeti Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku Talsam. Huyu Mbaruku alikuwa kipofu, na nawaambia kwa fahari, asili yake ni hapa Mombasa! Wapo waliomcheka Siti kwa ukoo wake na sura yake. Yeye akajibu kwa nyimbo, akaimba pia juu ya wanawake waliodhulumiwa. Mwaka 1928 wakaenda Bombay kurekodi santuri, na sauti ya muuza vyungu ikavuka bahari. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert mwenyewe akaandika wasifu wake.

Sasa mbona nayasema haya? Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nikichelewa kwa mazoezi ya tamasha la muziki, nyumbani naulizwa kama nyimbo zitanipa kazi. Wenzangu huambiwa ati sanaa ni ya walioshindwa na hesabu. Wengine nao hudhani ukizaliwa na sauti hakuna la kujifunza. Maisha ya Siti yanawajibu wote wawili: sanaa ni elimu, ina mwalimu na ina jasho, na elimu haina mwisho.

Walimu wetu, twaomba saa moja tu kwa wiki, na mtualikie wazee wa mtaani wanaojua udi, ngoma na mashairi. Juma Bhalo alituondokea mwaka 2014, Zein l'Abdin mwaka 2016, nasi hatukuwahi kukaa miguuni pao. Waliobaki tusingoje mpaka tuwasome kwenye wasifu. Nanyi wenzangu, saa hiyo ikipatikana, msije mkanikimbilia feri!