Nijinsky na Ngoma Iliyopotea

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa uchezaji si sanaa kamili kama ushairi, ati mchezaji hupelekwa tu na mdundo. Siafikiani nao, na shahidi wangu ni Vaslav Nijinsky.

Mtoto huyu wa wachezaji wa Kipolandi alizaliwa Kiev, akafunzwa baleti katika shule ya kifalme ya St. Petersburg. Kuanzia 1909, Paris ilimsifu kwa kuruka: alionekana kana kwamba anakawia hewani. Lakini kuruka ni kipaji cha mwili. Kutunga ni kazi ya akili.

Mnamo 1912 alitunga ngoma fupi ya kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Wachezaji walikwenda kiubavu, mfano wa picha za vyombo vya kale vya Wayunani. Naye, bingwa wa kuruka, alijiruhusu kuruka mara moja tu! Hapo ndipo ninapomwona mtunzi: anajua la kuacha.

Mwaka uliofuata alitunga Kafara ya Majira ya Machipuko, kwa muziki wa Igor Stravinsky. Baleti hutaka nyayo zielekee nje na mwili upae. Yeye alizigeuza nyayo ndani, akakunja magoti, akaamrisha ardhi ipigwe vishindo. Mapigo ya muziki yalibadilika mno hata ikabidi Marie Rambert aletwe kuwasaidia wachezaji kuhesabu. Mazoezi yalipita 100. Usiku wa Mei 29, 1913, watazamaji wa Paris walizomea na kubishana hata muziki usisikike, naye Nijinsky akasimama kitini kando ya jukwaa akipaza hesabu.

Ngoma hiyo ilionyeshwa mara zisizofika 10. Mwaka huohuo Nijinsky alioa, na Sergei Diaghilev, mkuu wa kundi, akamfukuza. Kuanzia 1919 maradhi ya akili yalimtoa jukwaani; alifariki London mwaka 1950.

Walimu wenzangu mnaotayarisha wanafunzi kwa Tamasha la Muziki la Kenya, je, miondoko mnayoitunga mnaiandika popote? Ile ngoma ya 1912 Nijinsky aliiandika kwa alama alizozibuni mwenyewe, na katika miaka ya 1980 wataalamu waliweza kuzisoma. Ile ya 1913 hakuiacha kwa maandishi. Millicent Hodson alitumia miaka mingi kuiunganisha kutokana na michoro, kumbukumbu za wazee na maelezo ya Rambert, ikachezwa tena 1987. Ni kiasi gani ni cha Nijinsky na kiasi gani ni cha Hodson, wataalamu wangali wanabishana.