Wanavyuoni Wetu: Abu Rayhan Al-Biruni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Taveta, akishapita Voi na Mwatate, hufika Bura. Mkono wake wa kuume husimama milima ya Taita, na mkono wa kushoto hutandaa uwanda mpana mpaka mbingu na ardhi zionekane kukutana. Katika nchi hii Mwenyezi Mungu ameweka vito. Tangu miaka ya 1970 imejulikana duniani kuwa ardhi ya Taita-Taveta ina yakuti nyekundu, na lile jiwe la kijani lililopewa jina kwa ajili ya Tsavo. Wachimbaji wadogo hushinda mashimoni, na mmoja wao akipata jiwe la kijani huligeuza kiganjani asijue kama ni johari au ni kipande cha chupa. Anayekuja kununua anajua, mwenye jiwe hajui. Na bei hutajwa na yule ajuaye.

Swali la mchimbaji huyo lilijibiwa na Muislamu mmoja karibu miaka elfu iliyopita, kwa maji na mizani tu. Na Muislamu huyo huyo, kwa kusimama juu ya mlima mmoja ulioelekea uwanda kama huu wa Bura, alipima ukubwa wa dunia nzima. Naye ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu. Jina lake husikika likitajwa kwa fahari katika hotuba zetu, lakini ni wachache wetu wajuao alifanya nini na alikifanya kwa njia gani. Na fahari isiyo na ujuzi ni kama mtu kujisifu kwa shamba la babu yake ilhali limeota magugu.

Alizaliwa mwezi wa Dhul-Hijja mwaka 362 wa Hijra, yaani Septemba 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm, ambayo leo imo katika Uzbekistan. Mwalimu wake mkubwa katika ujana alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa nyumba ya ufalme aliyekuwa bingwa wa hesabu na falaki. Alipokuwa na umri wa miaka kama 22, vita vilizuka katika nchi yao, ufalme uliomlea ukaanguka, naye ikamlazimu kukimbia kwao. Lakini tangu hapo hatumwoni ameacha kazi yake hata mara moja, awe katika raha au katika dhiki.

Mwaka 997 alipatana na mwanachuoni Abul-Wafa aliyekuwa Baghdad kwamba kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi mahali alipo na aandike saa yake. Kwa kuwa mwezi hupatwa wakati mmoja kwa watu wote wanaouona, tofauti ya saa za Kath na Baghdad iliwajulisha umbali wa miji hiyo miwili kwa mashariki na magharibi. Tazama watu hawa! Hawakuwa na simu wala saa za mkononi, na baina yao palikuwa na safari ya siku nyingi. Lakini walijua namna ya kuutumia mwezi kuwa mjumbe wao. Nasi leo tuna simu mifukoni, na kila mwaka mwezi huo huo hutugombanisha.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, akamchukua Al-Biruni pamoja na wanavyuoni wengine mpaka Ghazna, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Hakwenda kwa hiari yake. Basi mtu mwingine angalikaa akilia bahati yake, lakini yeye aliona kuwa mlango wa Bara Hindi umefunguka mbele yake. Akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akakaa na wanavyuoni wa Kihindi, akasoma vitabu vyao, na mnamo mwaka 1030 akatoa kitabu kikubwa juu ya imani zao, hesabu zao na desturi zao. Hakuwazulia uongo kwa kuwa si Waislamu, wala hakuyaficha waliyomzidi. Na juu ya bwana wake Mahmud, alikiri wazi kuwa vita vyake viliharibu neema ya nchi ile na kuwatia wenyeji chuki. Huo ndio uadilifu wa mtu aliyezoea mizani: haipimi kwa mapenzi.

Katika kitabu hicho ametutaja na sisi watu wa pwani hii. Alieleza kuwa bandari ya Somnath ilipata umaarufu kwa sababu ilikuwa kituo cha mabaharia waendao baina ya Sufala ya Zanji na China. Tena alisimulia kuwa zamani lulu zilizamiwa kwa wingi katika bahari ya Serendibu, yaani Ceylon, kisha zikatoweka huko zikaonekana Sufala, hata watu wakawa wakisema kuwa zimehama. Sisi tunaoisoma habari hiyo leo tunapata mazingatio: neema iliyozoeleka mahali huweza kuisha, na watu wakabaki kuulizana imekwenda wapi.

Aliandika pia kuwa viumbe huzaliana bila mwisho na hali dunia ina mwisho wake. Na kwamba mkulima huchagua mmea wa kubakisha na wa kung'oa, na mwenye miti huacha tawi lililo jema na kukata lililo baya. Na alipotazama mawe ya mito ya Bara Hindi, akaona ni makubwa karibu na milima, hupungua kadiri mto unavyokwenda mbali, na mwisho huwa mchanga, alijua kuwa uwanda ule mzima ulikuwa bahari, ukajazwa na udongo ulioletwa na mito. Hakulipata hili kwa kuota, bali kwa kuinama na kuokota mawe. Milima hii ya Taita nayo ina ya kutufunza kwa njia hiyo hiyo. Misitu yake ya asili imebaki vipande vipande, kama Ngangao, Mbololo na Chawia, na humo wamo ndege wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Msitu ukiondoka, udongo huteremka na mvua, na vijito vya bondeni hukauka. Anayetazama kwa jicho la Al-Biruni huliona jambo hilo kabla halijamfika.

Sasa tuje kwenye jiwe la mchimbaji wetu. Al-Biruni alijua kuwa rangi hudanganya, kwani kioo huweza kutiwa rangi ya johari yoyote. Akatengeneza chombo chenye umbo la pia, mapana chini na membamba juu, kilichotobolewa shingoni na kutiwa mrija uliopinda. Hukijaza maji mpaka kwenye mrija, kisha hulipima jiwe kwa mizani, halafu hulitia ndani. Maji yanayofukuzwa na jiwe hutoka kwa mrija na kuanguka katika kitanga, nayo hupimwa. Basi ukijua uzito wa jiwe na uzito wa maji yaliyojaa nafasi kama yake, umejua tabia ya jiwe lenyewe. Dhahabu ni zaidi ya mara 19 ya maji. Yakuti ni karibu mara 4. Bilauri ni mara mbili na nusu na kitu kidogo. Hesabu zake, alizozipata kwa mikono yake, ziko karibu sana na zile zinazopatikana leo kwa vyombo vya kisasa. Na lile jiwe la kijani la Taita ni mara 3 na nusu na zaidi kidogo ya maji, ilhali kioo cha kawaida cha chupa ni kama mara mbili na nusu. Mtoto aliyesoma kugawanya anaweza kuvitenga viwili hivyo, akiwa na mizani nzuri na bilauri ya maji.

Katika uzee wake aliandika kitabu kizima juu ya johari na madini, na humo limo jambo ambalo ningependa kila msomaji wetu alikumbuke. Watu wa zamani walisadiki kuwa nyoka akiitazama zumaridi, macho yake hupasuka. Wenye vitabu walilinakili neno hilo mmoja kwa mwingine, na hapana aliyelijaribu. Al-Biruni alilijaribu. Alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akamtikisia zumaridi mbele ya macho, katika siku za joto na za baridi, kwa muda wa miezi tisa. Nyoka hakupatwa na lolote. Basi ndugu yangu unayenunua pete kwa kuwa umeambiwa jiwe lake huleta riziki au hufukuza hasidi, jua kuwa mwanachuoni wa Kiislamu alikwisha kuyapima mambo ya namna hii kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa.

Na katika habari ya mlima, kisa chake ni hiki. Al-Biruni alitaka kuuhakikisha upande wa Kibla kwa watu wa Ghazna, na kazi hiyo ilimfungulia masuala ya umbali wa miji na ukubwa wa dunia. Akayakusanya katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025. Kabla yake, Khalifa Maamuni aliwatuma watu jangwani wakatembea na kamba kwa mwendo mrefu ili kuipima dunia. Al-Biruni aliona njia nyepesi zaidi. Alipokuwa katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo katika Pakistan, alikuta mlima uliosimama juu ya uwanda uliolala sawa. Kwanza alikipata kimo chake kwa kutazama kilele kutoka mahali pawili uwandani na kupima pembe zake: kikawa ni dhiraa 652 na kitu. Kisha akapanda juu, akatazama pale ardhi inapoonekana kugusana na mbingu. Kwa kuwa dunia ni mviringo, jicho la aliye juu huinama kidogo kuufikia upeo huo. Akakipima kiasi cha kuinama, akakiona ni dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya daraja moja.

Kwa vipimo hivyo viwili na hesabu za pembetatu, alipata kuwa kutoka kitovu cha dunia mpaka uso wake ni dhiraa 12,803,337. Wataalamu waliozigeuza dhiraa hizo kwa vipimo vya leo wamepata kama kilomita 6,340, na kipimo cha sasa ni kilomita 6,371. Ni haki kusema pia kwamba urefu wa dhiraa yake una khitilafu, na kwamba hewa huupinda mwanga wa mbali, hivyo katika ukaribu huo bahati nayo ina fungu lake. Lakini njia yenyewe ni sahihi, na ni ya akili kubwa. Anayesimama leo kwenye mteremko wa milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kina mita 2,208, akatazama uwanda wa Tsavo chini yake, anaona mfano wa kile alichokiona Al-Biruni. Macho ni yale yale. Kilichopungua ni kuuliza.

Yeye mwenyewe amesimulia kuwa alimpelekea mtu mmoja wa msikitini chombo cha kujulia nyakati za swala. Mtu yule alikikataa, kwa kuwa kilichorwa kwa miezi ya Kirumi. Al-Biruni alimjibu kwamba Warumi nao hula chakula na hutembea masokoni, basi na mambo hayo ayaache asije akafanana nao. Jawabu hilo lingali linawafaa baadhi yetu. Tunapanda gari na ndege, tunatibiwa kwa dawa za hospitali, lakini mtoto akipenda hesabu na falaki tunamwambia hiyo si elimu ya dini. Kibla ni nini kama si pembe? Nyakati za swala ni nini kama si mwendo wa jua? Na mirathi itagawanywaje na mtu asiyejua sehemu za hesabu? Mara ngapi yatima na wajane wamepunjwa, si kwa sababu sheria haipo, bali kwa sababu aliyeketi kugawa hakujua kugawanya?

Imepokewa kuwa alipomaliza kitabu chake kikuu cha falaki, alichomtungia Sultani Masudi mwana wa Mahmud, Sultani alimpelekea fedha mzigo wa tembo, naye akairudisha hazina. Imepokewa pia kuwa alipokuwa katika sakarati, aliingia kumzuru faqihi mmoja. Abu Rayhan, pumzi zikimwishia, akamuuliza juu ya suala la mirathi ya mabibi ambalo walipata kuzungumza zamani. Faqihi akamhurumia, akastaajabu kuwa mtu aulize katika hali ile. Akamjulisha kwamba kuiaga dunia hali analijua suala lile ni bora kuliko kuiaga akiwa hajui. Basi akamfafanulia, naye akalihifadhi. Faqihi alipotoka, hajafika mbali, akasikia kilio kutoka nyumbani mle. Inasemwa kuwa hayo yalikuwa Ghazna mwaka 440 wa Hijra, yaani 1048. Aliacha vitabu zaidi ya mia moja, na vingi vimepotea.

Enyi wazazi na walimu wa vyuo, watoto wetu wanahifadhi Kurani, na hilo ni jema lisilo na mfano. Tuwape pamoja nayo kalamu ya hesabu, tuwafunze mirathi kwa sehemu zake, tuwatoe nje usiku wautazame mwezi na kuuandika. Na mwana wa Bura, wa Voi na wa Mombasa aokotapo jiwe, awe ni yeye anayejua uzito wake na thamani yake, asingoje kuambiwa na mnunuzi.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kujifunza mpaka pumzi ya mwisho. Amin.