Daktari Aliyeona Haya Kutibiwa

Kila mtoto aliyepita shuleni katika nchi yetu amefundishwa ya kwamba Daktari David Livingstone na Bwana Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe. Mnara wa ukumbusho umesimama mahali pale hata leo, na wageni huenda kuutazama. Lakini liko jambo moja katika maisha ya mtu yule ambalo vitabu vya shule hulipita kimya, nalo lahusu nyumba zetu kuliko safari zake zote. Alikuwa na ugonjwa wa bawasiri, akatokwa na damu miaka mingi, na aliposhauriwa kupasuliwa alikataa. Twataka kulisimulia jambo hilo waziwazi, kwa kuwa wako wengi kati yetu wanaougua vivyo hivyo na kunyamaza.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, nyumbani kwa watu maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 10 alikwisha kuanza kazi katika kiwanda cha kusokota pamba, akisoma usiku baada ya kutoka kazini. Kwa bidii hiyo alifikia kujifunza utabibu, na mwaka 1840 akapata cheti cha udaktari mjini Glasgow. Mwaka uliofuata alifika Afrika ya Kusini kama mmisionari. Basi tukumbuke tangu mwanzo kwamba mtu huyu hakuwa mjinga wa mambo ya mwili. Alikuwa daktari.

Wala hakuwa mwoga. Mwaka 1844 simba alimkamata na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto, naye akastahimili. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara zima, kutoka Luanda upande wa magharibi hata Quelimane upande wa mashariki, huku homa ikimrudia mara kwa mara. Ni katika safari hizo ndefu ambapo tumbo lake liliharibika. Mara alihara, mara alifunga choo, na bawasiri ikamshika, isimwache tena.

Mwaka 1864 alirudi Uingereza kutoka mto Zambezi, akiwa amemzika mkewe Mary huko Shupanga miaka miwili kabla. Alimwendea Profesa James Syme wa Edinburgh, mmojawapo wa mabingwa wa upasuaji wa wakati ule, naye akamshauri sana akubali kupasuliwa bawasiri ile. Livingstone alikataa. Jina lake lilikuwa limeenea kila mahali, naye hakutaka magazeti yatangaze habari za ugonjwa wa sehemu ya siri. Kwa haki tuseme kwamba upasuaji wa siku zile ulikuwa na hatari yake. Dawa ya nusukaputi ilikwisha kutumika Edinburgh tangu mwaka 1847, lakini njia ya kuzuia vidonda visioze ilitangazwa na Joseph Lister, mkwe wa Syme mwenyewe, mwaka 1867 tu. Hata hivyo, kilichomzuia zaidi si kisu, bali ni haya. Aliyemshinda simba alishindwa na maneno ya watu.

Mwaka 1866 alishuka pwani ya Mikindani, akaanza safari yake ya mwisho ya kutafuta chemchemi za mto Nile. Mnamo Januari 1867 wapagazi waliotoroka walichukua sanduku lake la dawa, kwinini ikiwamo. Alipofika Ujiji mwezi Machi 1869, akiwa na ugonjwa wa mapafu, alikuta mali aliyoletewa kutoka Unguja imeporwa sehemu kubwa. Akavuka ziwa Tanganyika kwenda Manyema, ambako vidonda vya miguu vilimlaza miezi mingi. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871 alikuwa amekonda na kufilisika, na kuhara kumemdhoofisha. Chakula na dawa alizoletwa na Stanley zilimrudishia nguvu. Wakasafiri pamoja kwa mtumbwi hata ncha ya kaskazini ya ziwa, wakaona ya kuwa mto Rusizi waingia ziwani wala hautoki. Stanley alimsihi arudi kwao akapumzike na kutibiwa, naye kwa mara ya pili akakataa.

Mwisho ulikuja katika mabwawa ya Bangweulu, nchi iitwayo leo Zambia. Mwezi Aprili 1873 alikuwa akitokwa na damu nyingi kwa njia ya haja kubwa, asiweze tena kutembea wala kupanda punda. Watu wake wakamchukua kwa machela. Mapema mwezi Mei, katika kijiji cha mtawala Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa. Farijala, aliyekuwa amemtumikia daktari huko Unguja, ndiye aliyefungua mwili ili ukaushwe. Waliokuwapo walisimulia kwamba tumboni waliona pande kubwa la damu iliyoganda. Moyo ulizikwa chini ya mti. Susi, Chuma na wenzao wakauchukua mwili mwendo wa kilometa zipatazo 1,600 hata Bagamoyo, ambako ulilazwa katika misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu mwezi Februari 1874. Huko London aliyeutambua mwili aliutambua kwa mfupa ule uliovunjwa na simba.

Waandishi wa maisha yake hutaja malaria, kuhara damu na bawasiri pamoja kuwa ndivyo vilivyommaliza. Basi, yatupasa kujifunza nini?

Kwanza, bawasiri ni nini? Ni mishipa ya damu iliyovimba ndani au kando ya njia ya haja kubwa. Huletwa na kujikakamua chooni, kufunga choo, kuhara kwa muda mrefu, uja uzito, na umri. Bawasiri haigeuki kuwa saratani. Wako pia watu wenye tumbo lisilotulia: leo wafunga choo, kesho wahara, tumbo huuma na kujaa hewa, kisha hupoa baada ya kwenda haja. Ugonjwa huo husumbua sana, lakini nao hauzai saratani. Mtu wa namna hii apatapo bawasiri kwa kujikakamua au kuhara, kisha akaona damu, hushikwa na hofu. Usiku halali, akidhani tayari ana saratani, na mchana hamwambii hata mkewe.

Twamwambia mtu huyo mambo mawili, wala asilishike moja na kuliacha la pili. Aghalabu damu nyekundu inayodondoka baada ya haja ni ya bawasiri, kwa hiyo asikate tamaa. Lakini tumbo lisilotulia halitoi damu lenyewe, na saratani ya utumbo mpana, amiba na kichocho cha tumbo huweza kuitoa. Hakuna awezaye kupambanua kwa kutazama tu. Kwa hiyo kila atokaye damu na aende akapimwe. Asikawie hata kidogo ikiwa damu imechanganyika na choo, au choo ni cheusi, au amekonda bila sababu, au ana upungufu wa damu, au mwenendo wa choo umebadilika kwa majuma mengi, au ndugu yake wa damu aliugua saratani hiyo.

Mkazi wa Kigoma na Ujiji aweza kuanzia zahanati iliyo karibu, naye akihitaji zaidi atapelekwa Hospitali ya Maweni, au mbali zaidi hata Bugando ya Mwanza. Daktari atauliza maswali, atapima choo na damu, atachunguza kwa kidole chenye glavu, na ikihitajika utumbo utatazamwa kwa kamera. Bawasiri nyingi hupoa kwa kunywa maji ya kutosha, kula maharage, mboga za majani na matunda pamoja na dagaa wetu, na kutokukaa chooni muda mrefu. Isipopoa, hufungwa kwa mpira mdogo au hupasuliwa. Saratani nayo ikigunduliwa mapema yaweza kutibiwa, na mtu akapona.

Enyi wazazi, acheni watoto wenu wasikie maradhi haya yakitajwa nyumbani kwa heshima, kama yatajwavyo malaria na kikohozi. Mume asimcheke mkewe, wala kijana asimcheke babu yake. Livingstone alikuwa na bingwa mbele yake na nafasi mkononi, akaiacha ipite. Sisi tusiiache.